Mikono Sitini Kutoka Katikati ya Barabara

Nchi ninayotaka kuisimulia haipakani na yako, msomaji. Ukiona kiongozi wake anafanana na mtu unayemjua, ujue ni sura tu zimefanana, na sura hazina kesi. Mimi nasimulia ya huko mbali, wala sina neno na mtu.

Huko mbali, urefu ulipimwa kwa mkono. Si mkono wa kila mpita njia, usije ukawadhania watu wale kuwa hawana ustaarabu. Ulikuwa ni mkono wa kulia wa Kiongozi wa Nchi, tangu begani hadi ncha ya kidole cha kati. Siku wageni walipofungasha virago vyao, Mwasisi wa Taifa alisimama uwanjani akauliza, "Hii meta waliyotuachia, ni ya babu yake nani?" Umati ukajibu kwamba haikuwa ya babu wa mtu yeyote aliyekuwepo pale. "Basi mikono tunayo!" akasema Mwasisi, akaunyoosha wake. Watu walishangilia mpaka wengine wakazimia, na jioni hiyohiyo rula zote za shule zikachomwa moto kwa nyimbo na ngoma. Ilibaki moja tu, nayo tutaikuta mbele.

Mwasisi alikuwa mfupi. Neno hilo halikuruhusiwa kusemwa, na kwa kweli halikuwa na maana yoyote, kwa sababu ukimpima kwa kipimo cha taifa alikuwa na mikono miwili na robo, kama inavyompasa kiongozi.

Ni katika enzi zake Bi Sikudhani na mumewe, Mzee Feruzi, walipojenga nyumba yao katika mji wa Kandokando. Sheria ilisema nyumba isiwe ndani ya mikono sitini kutoka katikati ya barabara kuu. Mzee Feruzi alikuwa mwoga wa serikali, akaacha sitini na miwili. Ikasimama nyumba ya vyumba vitatu, na baraza ya saruji nyekundu, na jiko upande wa nyuma ambako Bi Sikudhani aliwapikia chapati na maharage madereva wa malori. Watoto wake walizaliwa humo, mmoja akafia humo. Mzee Feruzi mwenyewe alitolewa humo kwa kupitishwa dirishani, kwa sababu jeneza lake lilitoka wilaya ya pili, ambako afisa wa vipimo alikuwa amefuga kucha. Bi Sikudhani hakuwa na kitu kingine duniani alichoweza kukiita chake.

Kisha Mwasisi naye akafa, na nchi ikapata Mtukufu Mrithi.

Mtukufu Mrithi alikuwa na mikono mirefu, iliyokaribia magotini. Siku ya kuapishwa, Jaji Mkuu alimpima kwa uzi wa hariri mbele ya mabalozi, na papo hapo nchi ikapungua. Upana wake wote ulishuka kwa mikono maelfu kwa maelfu bila risasi kufyatuliwa, hata majirani wakaweka majeshi tayari wakidhani hiyo ni mbinu mpya ya kivita. Wachumi wa serikali walieleza kwamba huko hakukuwa kupungua, bali ni kukua kwa kuelekea ndani. Wauza vitambaa walilia na wanunuzi wakacheka, halafu bei zikapanda, wakalia wote pamoja, na umoja wa kitaifa ukaimarika.

Kwa kuwa Mtukufu asingeweza kwenda kupima kila kiwanja, kila wilaya ilitafutiwa mtu ambaye mkono wake ulilingana na ule uzi. Kandokando ilimpata Bwana Pazi. Jana yake alikuwa kuli gulioni, akibeba magunia ya vitunguu. Kesho yake alikuwa Mkono wa Wilaya, na mkono wake wa kulia ukavalishwa mfuko wa mahameli ya kijani wenye nembo ya taifa. Tangu hapo mkono ule haukuwa mali yake. Hakuruhusiwa kuubebea mzigo, wala kumpungia mtu, wala kulia chakula. Alisalimia kwa mkono wa kushoto na kula kwa mkono wa kushoto, hata harusini, hata mbele ya wakwe zake. Mama yake mzazi aligoma kula naye sinia moja mpaka alipoingia kaburini. Lakini kazi ni kazi.

*

Bwana Pazi alifika nyumbani kwa Bi Sikudhani asubuhi moja, akiwa na askari wawili wa kusimamisha malori.

"Shikamoo, mama," akasema, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Marahaba, mwanangu. Mbona unanipa wa kushoto?"

"Wa kulia uko kazini."

Akaenda katikati ya barabara, akapiga magoti, akauvua mfuko wa mahameli, akalaza mkono juu ya lami. Askari mmoja akapiga mstari wa chaki mbele ya kidole, Bwana Pazi akasogea, akalaza tena. Alivuka bega la barabara, akavuka mtaro, akapanda barazani, akapita sebuleni akiwa amepiga magoti huku Bi Sikudhani akimsogezea viti. Alipotaja sitini alikuwa jikoni, kidole chake cha kati kikigusa sufuria ya maharage. Akakipuliza.

"Mama yangu," akasema, "umeivamia barabara."

"Nimeivamia lini? Mimi nilikuwa nimelala."

"Uvamizi hauna usingizi."

"Nyumba hii haijasogea."

"Sikusema imesogea."

"Barabara je, imesogea?"

"Barabara ni ya serikali. Haiwezi kusogea bila tangazo."

"Sasa kama nyumba haikusogea, na barabara haikusogea, kilichosogea ni nini?"

Bwana Pazi akatazama kulia, akatazama kushoto. Akateremsha sauti. "Hilo swali, mama, usiliulize tena. Hata chumbani kwako peke yako usiliulize."

Kisha akachovya brashi katika rangi nyekundu, akaandika alama ya X ukutani, kubwa, pale ambapo Mzee Feruzi alikuwa akiegemeza baiskeli yake. Aliiandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ilikaa upande. Akasema tingatinga litakuja mvua za vuli zikikatika, akaaga vizuri, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Bi Sikudhani alijaribu kuifuta ile alama kwa maji, kisha kwa sabuni. Akakaa chini barazani akalia kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

*

Ndiyo maana Bi Sikudhani akajiunga na Umoja wa Wananchi Watiifu Wapendao Meta. Neno "Watiifu" waliliweka mbele makusudi, ili wakikamatwa wakamatwe kwa heshima.

Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Ndimbo, mstaafu, mtu wa miwani na kikohozi. Yeye ndiye aliyeificha darini ile rula moja iliyonusurika, ya mbao, yenye urefu wa meta kamili. Katika mkutano wa kwanza aliitoa kwenye gazeti alilokuwa ameizungushia, na wazee wote waliokaa mstari wa mbele wakajikuta wamesimama. Walikuwa wanafunzi wake. Kizazi kile meta walikuwa wameijua kwa matako, na kumbukumbu za aina hiyo hazifutiki.

"Kaeni, kaeni," alisema Mwalimu. "Sichapi mtu. Nataka mwelewe jambo moja tu. Hii haina bwana. Haizeeki, haifi, wala hairithiwi. Ukiipima nyumba leo, mjukuu wako akija kuipima ataikuta palepale."

Bi Sikudhani akanyoosha kidole. "Na yangu je, Mwalimu? Kwa hiyo rula, yangu iko wapi?"

"Sitini za Mwasisi ni kama meta arobaini, kasoro kidogo. Yako iko nje ya hapo. Serikali ikikubali meta, na sheria ikaandikwa kama ilivyokusudiwa tangu mwanzo, hakuna atakayeigusa nyumba yako. Si huyu, wala atakayekuja baada ya huyu."

Sitaki kukudanganya, msomaji. Bi Sikudhani hakuipenda meta. Aliipenda nyumba. Lakini mfa maji hukamata maji, naye akaikamata ile rula kwa moyo wake wote, akawa anapiga mbiu kuliko mwenyekiti mwenyewe. Alipita nyumba kwa nyumba akieleza habari za sentimeta kwa watu waliokuwa wakitwanga, akawakumbusha mafundi milango waliyoitengeneza enzi ya Mwasisi ikakataa kuingia kwenye fremu za enzi ya Mrithi. Watu wakamwelewa, kwa sababu nusu ya mji ilikuwa na alama nyekundu.

Wakaenda mji mkuu, yeye na Mwalimu, kumwona Waziri wa Vipimo. Wizara yenyewe ilikuwa jengo la ghorofa ambalo ngazi zake hazikulingana. Waliopanda kwa haraka walianguka, na hiyo ilisaidia kupunguza foleni. Walisubiri kwenye benchi hadi siku Waziri alipokosa safari ya kwenda.

"Serikali yenu ni sikivu," alisema Waziri, akiwa amefumba macho. "Nimesikia hata kabla hamjasema. Hebu niambieni, hiyo meta ni mkono wa nani?"

"Si mkono wa mtu, Mheshimiwa," alijibu Mwalimu. "Ndio uzuri wake."

"Wa mtu si wa mtu?"

"Si wa mtu."

Waziri akafumbua macho kwa huruma. "Mzee wangu, kitu kisicho na mwenyewe kitawajibikaje? Mkono wetu ukipima vizuri, tunajua wa kumpongeza. Na hiyo meta ikipima vizuri, tukapige vigelegele mlangoni kwa nani?"

"Mheshimiwa," Bi Sikudhani akaingilia, "mimi nyumba yangu inavunjwa."

"Pole sana, mama. Unaipenda nchi yako?"

"Naipenda, baba. Ndimo ilimo nyumba yangu."

"Basi vuta subira. Haraka haraka haina baraka. Jambo hili tutaliingiza kwenye mchakato."

Hawakujua mchakato ni nini, wala ulikuwa unaingiliwa wapi. Walichokiona ni Tume ya Kuangalia Uwezekano wa Kuifikiria Meta, iliyokuja Kandokando na magari saba, ikakaa barazani kwa Bi Sikudhani, ikala chapati zote, ikaomba na za kubeba. Ilimwuliza kila mwananchi swali moja tu: "Je, mkono wa Mtukufu unaupenda sana, sana sana, au kupita kiasi?" Bi Sikudhani alijibu kupita kiasi, kwa sababu alama nyekundu ilikuwa nyuma ya kiti cha mwenyekiti wa Tume na hakutaka kuongezewa ya pili. Tume ikaondoka ikiwa imeridhika. Vuli nayo ilikuwa inaelekea ukingoni.

*

Hapo ndipo Mungu alipomvunja Bwana Pazi mkono.

Namtaja Mungu kwa sababu serikali ilikanusha kuhusika. Mtaro wa maji ya mvua ulikuwa umeagizwa kwa mikono ya Mwasisi na kuchimbwa kwa mikono ya Mrithi, kwa hiyo ulikuwa na kina kirefu kuliko mtu alivyotazamia. Bwana Pazi alitumbukia humo na pikipiki yake mchana kweupe. Akatolewa mzima, isipokuwa mkono wa kulia. Hospitali wakaukunja kwenye kiwiko, wakaufunga plasta ngumu nyeupe, na mfuko wa mahameli ukavalishwa juu ya plasta, ukapasuka mshono.

Mkuu wa Wilaya aliitisha kikao. Wengine walisema upimaji usimame mpaka mfupa uunge. Yeye akapiga meza. "Shughuli za serikali hazisimami kwa ajili ya kiwiko! Sheria inasema mkono wa afisa. Imesema mahali popote kwamba uwe umenyooka?" Wakatafuta, hawakuona. Basi Bwana Pazi akatoka kazini na mkono wake uliokunjwa, na kila alipolala chini kupima, umbali kati ya bega lake na ncha ya kidole ulikuwa umebaki kidogo zaidi ya nusu.

Kandokando yote ikawa ndefu. Mji mkuu ukaenda mbali, hata watu wakaanza kuagana kwa machozi kituoni. Wauza vitambaa wakachinja mbuzi. Bwana harusi mmoja aliyekuwa amenunua kitambaa cha kanzu kwa idadi ileile ya mikono aliivaa ikamfika kwenye mapaja, akaoa hivyohivyo. Naye Bi Sikudhani akaenda kwa Mkuu wa Wilaya kuomba apimiwe upya, kama ilivyo haki ya kila mvamizi.

Bwana Pazi akapiga magoti katikati ya barabara, akilia kwa maumivu kila alipouweka chini ule mkono. Safari hii alipotaja sitini hakuwa amefika hata barazani. Alikuwa kwenye meza ya muuza mkaa, upande wa ua unaotazama barabara.

"Mama yangu," akasema, jasho likimtoka, "uko nje ya hifadhi ya barabara. Hongera."

Akaifuta X kwa mafuta ya taa, yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Bi Sikudhani akapiga kigelegele kimoja, akashika ukuta.

Tangu siku ile alimpikia. Mkono mtupu haulambwi, lakini si hilo tu; alimwonea huruma kweli. Alimpikia wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na Bwana Pazi akala kwa mkono wa kushoto pale barazani, na Bi Sikudhani akazoea kumtazama, akaacha kugeuza uso. Majirani walipokuja kumwombea mgonjwa apone, naye alinyanyua viganja. Wenzake walisema amina kwa sauti. Yeye alimalizia kimoyomoyo: Mponye, Mola wangu, lakini usimharakishe. Mponye kwa utaratibu wa serikali.

Na alimfuata Mwalimu Ndimbo. "Mwalimu, haya mambo ya meta tuyaache kwanza."

"Tuyaache? Nyumba yako utaijenga juu ya mfupa uliovunjika?"

"Niliijenga juu ya mkono mzima, ukanigeuka. Heri nusu shari kuliko shari kamili."

Mwalimu akakohoa kwa muda mrefu. "Nisingeweza kuyaacha hata ningetaka. Yameshaingia kwenye mchakato." Alisema hivyo kwa huzuni, kwani alikwishaanza kuelewa kwamba mambo ya serikali ile yalikuwa na tabia mbili. Yalikuwa hayaanzi, na yakianza hayasimami.

*

Kilichoyaamsha mambo ya meta kilikuwa suti.

Mtukufu Mrithi alisafiri ng'ambo kwa matibabu ya jino, na alipokuwa huko akashonesha suti. Fundi wa huko, mtu asiyejua siasa, akamzungushia utepe, akamsimamisha penye ukuta, akasema kwa sauti, "Mia moja na sabini na tatu."

"Mia moja na sabini na tatu nini?" aliuliza Mtukufu.

"Urefu wako, bwana. Sentimeta."

Mtukufu akageuka kuutazama ule ukuta. Tangu aapishwe alikuwa mtu wa mbili na robo. Aliondoka nchini akiwa mbili na robo, na sasa, bila kula wala kulala zaidi ya kawaida, alikuwa mia moja na sabini na tatu. Wasaidizi wake wanasema katika ndege alikuwa akiirudia ile namba polepole, na kila mara akitabasamu. Ndege ilipotua aliikubali meta pale pale kwenye ngazi.

Mwana kulitafuta, mwana kulipata. Sherehe ikafanyika Kandokando, kwa kuwa ndiko kilio cha wananchi kilikoanzia. Waliletwa wanafunzi wenye vibendera, ikaletwa bendi ya polisi. Mwalimu Ndimbo akakalishwa jukwaani na rula yake. Bi Sikudhani akavalishwa kanga mpya yenye picha ya Mtukufu akiwa amesimama penye ukuta, akaitwa Mama wa Meta. Aliona aibu, lakini moyoni alisema labda ndivyo Mungu alivyopanga. Mkono wa Bwana Pazi ungepona siku moja. Meta isingepona wala isingeugua.

Waziri wa Vipimo akasimama. Alitoa hotuba ambayo, kama ingenyooshwa, ingefika mpakani. Alieleza kwamba serikali haikushinikizwa na mtu, bali iliwaza meta yenyewe tangu zamani, ikawa inasubiri wananchi wakomae. Mwishoni akanyanyua kidole.

"Najua mnajiuliza, je, tutasumbuka kubadilisha sheria zetu zote? Hapana! Serikali yenu haipendi kuwasumbua. Namba zote zitabaki kama zilivyo. Namba zetu ni za kizalendo, zilipiganiwa na Mwasisi. Kitakachobadilika ni jina tu. Kila palipoandikwa mkono, kuanzia saa hii pasomeke meta."

Watu wakapiga makofi. Bi Sikudhani alipiga mawili matatu, akasikia viganja vyake vinapoa. Akamtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa amenyoosha mkono juu, kama mwanafunzi, uso umemgeuka rangi.

"Mheshimiwa," alisema, "samahani. Mikono sitini siyo meta sitini. Meta ni ndefu zaidi. Lazima namba ishuke, ama sivyo—"

Waziri akacheka kwa upendo, akainamia kipaza sauti ili wote wafaidi. "Mwalimu, sitini ni sitini. Kwani wewe ulikuwa unafundisha hesabu gani?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, wakiwemo wale wazee aliowachapa. Mwalimu Ndimbo akashusha mkono, akakaa. Rula ikamteleza mapajani na hakuinama kuiokota.

Kisha Mama wa Meta akaitwa kutoa shukrani. Mkuu wa Wilaya akamnong'oneza sikioni, "Sema asante tu, mama." Akashika kipaza sauti. "Asante," akasema. "Lakini nyumba yangu mimi—" Hapo bendi ya polisi ikapokea, matarumbeta yote kwa pamoja, nayo ilipiga vizuri sana siku ile.

*

Matunda ya meta yalionekana haraka. Makaburi, ambayo kisheria yalikuwa ya mikono mitatu kwenda chini, yakawa ya meta tatu, na wachimbaji wakaanza kushuka kwa ngazi. Kimo cha askari, ambacho kilikuwa mikono miwili na robo, kikawa meta mbili na robo, na jeshi zima likakosa sifa ndani ya siku moja. Ikaamuliwa askari wapimwe wakiwa wamesimama juu ya kreti za soda. Kwa Bi Sikudhani matunda hayo yalikuja asubuhi, yakiongozwa na Bwana Pazi.

Plasta ilikuwa imetolewa. Mfuko wa mahameli haukuwepo. Mkononi alishika kijumba cha bati chenye utepe wa chuma, ambao ukiuvuta unatoka na ukiuachia unarudi ndani kwa kishindo. Alikuwa amepewa kwa kazi hiyo ya mwisho, na jioni alitakiwa aukabidhi, kwani utepe haukuhitaji mtu mwenye mkono wa aina yoyote.

Hakuhitaji hata kupiga magoti. Utepe ulipita mtaroni, ukapita barazani, ukapita sebuleni, ukapita jikoni juu ya sufuria, ukatokea mlango wa nyuma na kwenda mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo, ukapita hata hiyo.

"Bwana Pazi," Bi Sikudhani akasema, "mwanangu. Ulegeze kidogo."

"Nimejaribu, mama. Tangu juzi nimekuwa nikijaribu nyumbani kwangu. Hiki hakijui mtu."

"Wewe mbona ulikuwa unajua?"

Bwana Pazi akauachia utepe, ukarudi ndani kwa kishindo.

"Basi nitasogea nyuma," akasema Bi Sikudhani. "Nitajenga hata kibanda, kule nyuma."

"Kule ni hifadhi ya mto."

"Hiyo nayo ngapi?"

"Sitini. Zile sitini za mto zinaanza kabla hizi za barabara hazijaisha. Zimepishana."

"Sasa mtu akae wapi?"

"Sheria haijasema akae, mama. Imesema asikae."

Tingatinga lilikuwa limeshaingia uani. Majirani walitoka kuangalia, kisha kila mmoja akakumbuka nyumba yake, akakimbilia huko. Bi Sikudhani aliwahi kutoa sufuria, sinia, godoro na ule mlango wa jikoni ambao Mzee Feruzi aliuranda mwenyewe. Ukuta wa baraza ulianguka kwanza. Pale palipokuwa pamefutwa alama, rangi nyekundu ilikuwa bado inaonekana kwa mbali chini ya mafuta ya taa.

*

Mwalimu Ndimbo alipewa cheo cha Mshauri Mkuu wa Meta, na ofisi mji mkuu isiyokuwa na madirisha. Anayempelekea chai anasema huwa amekaa tu. Wananchi wa Kandokando, kwa upande wao, wanakutana kwa siri kuanzisha Umoja wa Wananchi Watiifu Wapendao Mkono.

Bi Sikudhani hakwenda kwenye mikutano hiyo. Aliegemeza mlango wa jikoni juu ya kifusi, akatandika turubai, akaendelea kukaa palepale kwa kuwa hakuwa na pengine. Madereva wa malori waliendelea kusimama, wakala wamechuchumaa.

Siku moja mchana alimwona Bwana Pazi katikati ya barabara. Hakuwa na askari wala chaki. Malori yalimpigia honi, na mwenyewe alikuwa amepiga magoti, anaulaza mkono wa kulia juu ya lami na kusogea, anaulaza na kusogea. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Kiwiko kilibaki kimekunjika kidogo. Alivuka mtaro, akapanda juu ya vipande vya saruji nyekundu, goti likachubuka, hakusimama. Alipofika mahali palipokuwa pa ngazi ya baraza akanyanyua uso.

"Sitini," akasema. "Mama yangu, nyumba yako ilikuwa nje."

Bi Sikudhani alitazama pale kidole kilipogusa, kisha akatazama kifusi. Machozi yalimjaa, akayaacha.

"Asante, mwanangu," akasema. "Njoo ule."

Akamletea sinia ya wali, akamwekea birika la kunawia. Bwana Pazi akatanguliza mkono wa kushoto.

"Wa kulia," Bi Sikudhani akasema. "Sasa ni wako."

Bwana Pazi akaunawa polepole, vidole vyote, kama anamwogesha mgeni. Akamega tonge, akainua. Kiwiko kikagoma. Tonge likasimama hewani mbele ya kidevu, yeye akinyoosha shingo na mkono ukikataa, punje za wali zikimdondokea kifuani. Ule mkono ulikuwa umeipima wilaya nzima, na sasa haukumfika mdomoni.

Bi Sikudhani akasogea karibu, akaushika kiwikoni, akausukuma.